Mashine ya Mlangoni Haimlindi Mtu

Imani iliyoenea mijini mwetu ni kwamba jengo lenye mashine ya ukaguzi mlangoni ni jengo salama. Ukishapita kwenye ile fremu ya kutambua chuma, mlinzi akakupitishia fimbo kiunoni na kulifungua begi lako nusu zipu, unahesabiwa kuwa umeingia mahali ambapo hatari imebaki nje. Benki, mahakama, hoteli na ofisi za serikali zinaamini hivyo, na sasa imani hiyo inakuja Tabora pamoja na reli ya kisasa, SGR. Katika vituo vya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, vilivyoanza kazi 2024, abiria na mizigo hukaguliwa kama katika uwanja wa ndege, na kipande cha Makutupora hadi Tabora kinajengwa. Naipinga imani hiyo kabla haijaota mizizi huku kwetu. Mlango hulindwa na mtu aliyefunzwa, anayelipwa vizuri, mwenye mamlaka ya kumkatalia yeyote. Mashine isiyopimwa, ikiwa mikononi mwa mtu asiye na mamlaka hayo, inatupa utulivu wa uongo, na wakati mwingine inatuongezea hatari.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya fremu mna nyaya zilizozungushwa. Umeme ukipita humo hutengeneza uga wa sumaku, na metali ikiingia katika uga huo huuvuruga, ndipo king'ora hulia. Chombo hakitofautishi bastola na rundo la funguo. Hakijui pia kama chuma kinachokivuruga kimo mwilini mwa mtu au kiko kando yake. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alitumia kifaa cha jamii hii kuitafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani akaikosa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba springi za kitanda zilikichanganya kifaa. Sasa tazama milango ya majengo yetu: mageti ya chuma, nondo, milango ya bati ya kukunja. Fremu iliyosimamishwa jirani na geti linalofunguliwa na kufungwa kutwa nzima hulia hata bila mtu kupita. Mlinzi aliyechoshwa na kelele hana njia nyingi. Ama ataipunguza usikivu hadi inyamaze, ama ataiacha ilie huku akisema "pita, pita." Taa inaendelea kuwaka, foleni inasogea, na hakuna anayekaguliwa.

Wala mlinzi huyo si wa kulaumiwa. Katika miaka ya 1940 mwanasaikolojia Norman Mackworth wa Uingereza aliwaweka watu wakikodolea macho mshale wa saa, wakisubiri mara chache uruke hatua mbili badala ya moja. Ndani ya nusu saa ya kwanza umakini wao ulikuwa umeanza kushuka. Mlinzi wetu husimama lindoni saa kumi na mbili, mara nyingi bila kiti na bila wa kumpokea, na tunategemea jicho lake la saa tisa alasiri liwe lilelile la asubuhi. Hata penye fedha na mafunzo mambo huenda kombo. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba wapimaji wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, wakijifanya abiria, walipitisha silaha na mabomu ya majaribio mara 67 kati ya 70 katika viwanja vya ndege vya nchi hiyo. Fundisho la Iraki ni chungu zaidi. Kwa miaka kadhaa askari wa vizuizi vya Baghdad walishika kifaa kilichoitwa ADE 651, kilichouzwa na Mwingereza James McCormick kama kigunduzi cha mabomu. Kilitokana na kidude cha kutafutia mipira ya gofu, na hakikuwa na uwezo wa kugundua kitu chochote. Mabomu yalipita, watu wakafa, na McCormick alifungwa miaka kumi mwaka 2013. Kifaa kile kiliishi muda mrefu kwa sababu waliokinunua hawakukijaribu hadharani, na waliokaguliwa nacho walidhani wamelindwa.

Matukio ya ukanda wetu yanasema jambo hilohilo. Tarehe 7 Agosti 1998, lori la bomu lilipofika kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, mlinzi wa geti la nyuma, asiye na bunduki, alikataa kufungua kizuizi. Dar es Salaam siku hiyohiyo lori halikuvuka geti. Nairobi walikufa watu 213 na Dar es Salaam 11, walinzi wakiwa miongoni mwao, na jengo la Dar es Salaam lingepata maafa makubwa zaidi kama geti lingefunguliwa. Nairobi, aliyelizuia bomu lisiingie ndani alikuwa mtu aliyekataa kufungua. Kinyume chake, katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 palikuwa na ukaguzi wa mabegi kwa wateja wa kawaida, lakini wauaji waliingia wakifyatua risasi, na watu 67 wakauawa. Katika hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019, njia ilikuwa ileile ya kuanzia getini kwa mlipuko na risasi. Anayekuja na bunduki mkononi hasubiri fremu imlilie, na foleni ndefu iliyopangwa mbele ya fremu inampa watu wengi waliosimama pamoja mahali pa wazi.

Nitaambiwa kwamba mashine imefanya kazi viwanja vya ndege, na ni kweli. Marekani ilipolazimisha ukaguzi wa kila abiria kuanzia Januari 1973, utekaji wa ndege, uliokuwa umegeuka jambo la kawaida, ulipungua sana. Sisi wenyewe tuliujua uchungu huo Februari 1982, ndege ya Air Tanzania ilipotekwa katika safari ya Mwanza kwenda Dar es Salaam na kupelekwa hadi Stansted, Uingereza. Lakini angalia masharti ya mafanikio hayo. Kila mtu alipita, mlio haukuachwa bila jibu, vifaa vilipimwa, na sheria ilisimama nyuma ya mkaguzi. Sharti moja likiondoka, kinachobaki ni fremu tupu. Na hoja kwamba hata fremu tupu humtisha mwizi ina ukweli wa siku chache tu, kwa sababu mwizi naye hupita, huona inavyolia bila jibu, na huwasimulia wenzake.

Sharti la kila mtu kupita ndilo linalovunjwa zaidi kwetu, na Tabora inapaswa kulielewa kuliko mji mwingine. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kabla ya kuendelea Ujiji, ilisimamishwa na watemi wa Ugogo ilipe hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya, na mashauriano yangeweza kuchukua siku kadhaa. Msafara mdogo ulibanwa. Wenye bunduki nyingi ulikuwa na nguvu ya kubishana, ndiyo maana wafanyabiashara walisubiriana wavuke kwa pamoja. Asiye na silaha alikaziwa, mwenye silaha akalegezewa. Kwa mtemi aliyetafuta mapato na heshima ya mipaka yake, utaratibu huo ulieleweka. Mlango unaodai kulinda maisha hauwezi kuendeshwa hivyo. Mama aliyekuja kumwona mgonjwa hufunguliwa kikapu hadi chini ya ugali, huku gari lenye vioo vyeusi likipigiwa saluti na geti kufunguliwa kabla halijasimama. Mlinzi anajua kwamba akimwambia mheshimiwa ashuke, huenda kesho hana kazi. Maadamu hofu hiyo ipo, mtu mwenye nia mbaya anahitaji suti na gari la kukodi tu.

Kuna hatari nyingine inayoletwa na mashine yenyewe. Ili kila mtu apite kwenye fremu moja, milango mingine hufungwa, na mara nyingi hutiwa mnyororo na kufuli. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, alikokaa msafiri Stanley mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji, ni nyumba ya zama ambazo adui alitokea nje. Kuta nene na milango michache vilikuwa busara. Jengo la leo lina nyaya za umeme, mitungi ya gesi na mamia ya watu ghorofani, na kinachoua humo mara nyingi kinaanzia ndani. Katika shule ya Kyanguli, Kenya, Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Moto haukuhitaji kupita kwenye ukaguzi. Meneja anayefunga mlango wa dharura kwa kufuli ili kuokoa mshahara wa mlinzi wa pili anawaweka wateja wake rehani kila siku.

Watasema wawekezaji na wageni wanataka kuona mashine. Waoneshwe, lakini waoneshwe na kazi yake. Kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, mtu mmoja apite na kipande cha chuma cha kupimia kifundoni, kiunoni na kwapani, matokeo yaandikwe na kusainiwa. Mlinzi apumzishwe kwenye fremu kila baada ya nusu saa. Kuwe na amri ya maandishi, yenye saini ya mkuu wa jengo, kwamba hakuna anayesamehewa ukaguzi, mkuu mwenyewe akiwemo, na kwamba mlinzi hafukuzwi kwa kuitekeleza. Mlango wa dharura uwe wa kusukuma kutoka ndani, bila kufuli. Kituo kipya cha Tabora kianze hivyo tangu siku ya kwanza, na daftari la vipimo likae mezani pale mlangoni, abiria yeyote aweze kulifunua na kusoma fremu ilipimwa lini na nani.