Saa za Binti Hazimo Kwenye Bajeti

Mei 2025, mjini Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliusogeza mbele mpango wa dunia wa kukabiliana na dimensia, ule ugonjwa wa kusahau unaowaandama zaidi wazee. Ulikuwa uishe 2025; sasa utaishia 2031. Ulipopitishwa mwaka 2017, mpango huo ulitaka angalau robo tatu ya nchi wanachama ziwe na sera ya ugonjwa huu ifikapo 2025. Muda ulifika, lengo halikufikiwa, tarehe ikabadilishwa. Tumezoea. Linaloudhi ni lengo la 7, linalohusu utafiti: kazi za utafiti ziongezeke maradufu, na kipimo chake ni idadi ya makala zilizochapishwa kwenye majarida ya kitaalamu. Makala hizo zimempunguzia nani kazi, kipimo hakiulizi.

Nami nasema hivi: andiko la kuomba fedha za kuboresha matunzo ya wenye dimensia, kama halihesabu saa za anayetunza na kuzitia bei, lisipewe hata senti.

Wapo watakaosema fedha ziende kwanza kwenye dawa, maana ugonjwa ukipona ulezi hautahitajika. Dawa ya lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Haiponyi; hupunguza tu kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo, na anayeitumia hupigwa picha za MRI mara kwa mara kuchunguza kama ubongo unavimba au kuvuja damu. Anayeiona hiyo kuwa jibu kwa mzee wa Hai nchini Tanzania au Makueni nchini Kenya atuoneshe kwanza mashine iko wapi. Wengine watasema kumtunza mzazi ni radhi, si ajira. Sawa, lakini radhi hailipi ada ya shule. Na wapo wanaokumbusha kwamba fedha zenyewe zinakauka. Ni kweli. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kupunguza misaada yake ya nje hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027, na Mei mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikasitisha ruzuku mpya zenye mgao kwa washirika wa nje. Kadiri fedha zinavyokuwa haba, ndivyo inavyotupasa kuchagua vizuri swali la kuzitumia.

Sasa tuje kwenye neno linalopendwa kuliko yote katika maandiko haya: nafuu. Kila anayeomba ruzuku ya utafiti wa matunzo katika nchi zetu huahidi huduma ya gharama nafuu, na kamati za wafadhili hulipenda neno hilo. Tulikague. Ukifungua bajeti utakuta mafuta ya gari, posho za wakusanya takwimu, vishikwambi, mchambuzi wa takwimu na tiketi ya mkutano wa kimataifa. Ukimtafuta binti anayemwogesha mama yake, anayemlisha, anayemfuata akitoka usiku kutafuta nyumba iliyobomolewa zamani, humwoni. Akibahatika atatajwa penye nauli na soda siku ya mahojiano. Huduma imekuwa nafuu kwa sababu mtu mmoja ameandikiwa sifuri.

Sifuri hiyo si ya kutojua. Shirika la Afya Duniani limekwisha kukadiria kwamba mwaka 2019 dimensia iliigharimu dunia dola trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na marafiki, wastani wa saa 5 kwa siku. Asilimia 70 ya saa za ulezi hutoka kwa wanawake. Piga hesabu: saa 5 kwa siku ni saa 1,825 kwa mwaka, zaidi ya siku 220 za kazi za saa nane. Huo ni mwaka mzima wa ajira, bila likizo. Tuseme mwanamke wa Machame aliyekuwa akishusha ndizi sokoni ameacha biashara amuuguze baba yake. Mradi ukija na mafunzo ya wiki kadhaa, baba akatulia kidogo, matokeo yatachapishwa na lengo la 7 litasogea. Genge lake litabaki limefungwa, na hakuna jedwali litakalolionesha.

Watafiti watajibu kwamba mzigo wa mlezi hupimwa. Ndiyo, kwa dodoso la Zarit lenye maswali 22: unajisikia umechoka, unajisikia umebanwa. Mwishoni anapewa alama. Mtu aliyepoteza kipato anaulizwa anavyojisikia! Dodoso la kuhesabu saa zenyewe, liitwalo RUD, lipo miaka mingi. Asiyelitumia kwenye utafiti wa matunzo ameamua asilitumie.

Mpango wa dunia nao unalo lengo juu ya walezi: asilimia 75 ya nchi ziwape msaada na mafunzo. Msaada haukutajiwa kiasi. Mafunzo ni rahisi kuyaombea fedha, kwa hiyo mafunzo ndiyo tutakayoyapata. Tutamfundisha mwanamke kufanya vizuri zaidi kazi tusiyomlipa, kisha tumwite mnufaika wa mradi.

Siwabezi watafiti wetu. Wilayani Hai, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia, wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Kipimo chao cha kuchunguza uwezo wa akili, kiitwacho IDEA, hakimtaki mzee ajue kusoma. Sehemu yake moja humtaka apange njiti za kiberiti. Tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi ilijaribiwa hukohuko, na matokeo ya mwaka 2017 yalionesha nafuu katika uwezo wa akili na katika wasiwasi. Watu wenye ubunifu huo hawawezi kushindwa kuhesabu saa.

Wala serikali zisijifiche nyuma ya wafadhili. Zanzibar imekuwa ikilipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi tangu 2016, na Kenya ina Inua Jamii, mpango wa kuwapa wazee fedha. Njia ya kuifikisha fedha nyumbani kwa mzee ipo tayari. Swali linalostahili ruzuku ni hili: mlezi akilipwa posho kupitia njia hiyohiyo, au akipata mtu wa kumpokea siku mbili kwa wiki, mgonjwa atakuwaje, naye mlezi atarudi sokoni? Nchi za Umoja wa Afrika zimeahidi kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa utafiti. Zianze na swali hilo, na kamati zinazopitia maandiko zidai safu moja ya bajeti yenye saa za mlezi na thamani yake kwa shilingi. Andiko lisilo na safu hiyo lirudishwe kwa aliyeliandika.