Mkono Mmoja Haulei Mwana, Hata Hospitalini

Mwaka jana mpwa wangu alijifungua mimba ikiwa ya wiki 31. Mtoto alikimbizwa katika chumba cha watoto mahututi, naye mama akabaki ukumbini. Nilipomzuru alinisimulia aliyoambiwa: mtoto atapimwa, atalishwa, atabadilishwa nguo, "wewe mama nenda ukapumzike, utaitwa." Mimi ni mwalimu wa isimu, na sikio langu halikukosa kutambua kwamba vitenzi karibu vyote vilikuwa katika kauli ya kutendwa. Jambo pekee aliloachiwa mama alitende mwenyewe ni kwenda zake.

Siwalaumu wauguzi. Katika hospitali zetu nyingi za umma, muuguzi mmoja huwahudumia watoto wengi kupita kiasi. Isitoshe, kwa miaka mingi wauguzi walifunzwa kwamba mzazi huleta viini vya maradhi na kwamba kumlinda mtoto ni kumtenga. Fundisho hilo lilikuwa na nia njema, lakini ushahidi wa zaidi ya miaka 40 unalipinga.

Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, Dkt Edgar Rey Sanabria, akiwa na inkubeta chache mno, aliamua watoto wawekwe vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka uliofuata, mjini Tallinn nchini Estonia, Dkt Adik Levin, naye akipungukiwa na wauguzi, aliwaruhusu akina mama kukaa na watoto wao usiku na mchana na kuwatunza wenyewe huku wauguzi wakiwaelekeza. Ni dhahiri kwamba njia zote mbili zilizaliwa na uhaba wala si utajiri.

Matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yalichapishwa mwaka 2021. Ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye uzani wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, 12 katika kila 100 walifariki katika siku 28 za mwanzo. Miongoni mwa waliongojewa kwanza hali zao zitulie, walifariki karibu 16. Yaani, kifo kimoja katika kila vinne kilizuilika. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza pia kwamba jamaa washirikishwe katika matunzo ya kila siku ya watoto hao hospitalini.

Lakini nani atamshirikisha mama ikiwa muuguzi hakufunzwa kufundisha? Kujua kupitisha mrija wa maziwa ni ujuzi mmoja. Kumfunza mzazi aliyejaa hofu namna ya kukamua maziwa, kuyapitisha mrijani na kutambua pumzi inayobadilika ni ujuzi mwingine. Unataka lugha anayoielewa mama, subira, na kumtaka arudie kwa mikono yake alichoonyeshwa. Hata jina "kangaroo" ni la mnyama ambaye wengi wetu hatujamwona, ilhali kubeba mtoto kwa leso hatukufunzwa na mgeni. Mwambie mama kwamba leso ile ile ya mgongoni sasa itamfunga mtoto kifuani, naye atakuelewa mara moja.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kumtwika mama kazi ya serikali. Hofu hiyo ina msingi. Mama aliyepasuliwa anahitaji kitanda, chakula na mapumziko, na pengine ana watoto wengine nyumbani. Kumshirikisha kusiwe kisingizio cha kutoajiri wauguzi. Bila muuguzi wa kumwelekeza, mama huyo ameachwa peke yake tu.

Usiku wa tano, sista mmoja wa makamo alimwita mpwa wangu, akamwonyesha jinsi ya kunawa, kisha akamlaza mtoto kifuani pake. "Mjomba," aliniambia, "ndipo nilipojua kwamba nimezaa."

Sista huyo alitenda hivyo kwa hiari yake, na zamu nyingine hazikufanya hivyo. Uhai wa mtoto haufai kutegemea bahati ya zamu. Enyi mnaofunza wauguzi, nanyi mnaosomea kazi hiyo, somo hili liwekwe katika mitaala na litahiniwe kama mengine. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mkono mmoja haulei mwana.