Riali sabini za dada

Kolo, Kondoa. Jumapili usiku.

Najua nimepotea. UE zimeisha, bumu liliisha kabla ya UE, nikapanda basi Dodoma nikarudi nyumbani kusaidia alizeti. Kwa wasiofika: ukitoka Dodoma kwenda Babati unapita Kondoa mjini, mbele yake ndo Kolo, pale wageni wanaposhuka kwenda kuangalia michoro ya mapangoni.

Leo sina stori za hosteli. Jana mama mdogo alinipa karatasi akasema, "Wewe msomi, tusomee." Si mnajua kijijini, ukishafika chuo kikuu wewe ni daktari, wakili na fundi simu. Karatasi yenyewe ni mkataba wa mdogo wangu (binti wa mama mdogo), ana miaka 22, anakwenda Oman kufanya kazi za ndani. Safari wiki mbili zijazo. Mkataba upande mmoja Kiarabu, upande wa pili Kiingereza. Nikasoma weee... nikafika penye mshahara. Pamoja na urefu wote ule wa karatasi, pale pameachwa wazi. Hakuna namba!

Nikampigia wakala. Akanijibu kwa upole kabisa: "Usiwe na wasiwasi kaka, hilo wataelewana na madam akishafika."

Jamani. Atakapofika, tiketi imelipwa na bosi, viza ina jina la bosi, na pasipoti huenda iko kabatini kwa bosi. Huko kuelewana kutakuwa kwa namna gani?

Nisingeshtuka sana kama si dada yake mkubwa, ambaye amesharudi kutoka hukohuko. Yeye aliambiwa riali 90 kwa mwezi. Alipofika akapewa 70. Nyumba ileile alikuwepo Mfilipino, wanafua pamoja, wanapika pamoja, wanalea watoto walewale. Mwaka na miezi minne wamekaa bila kuulizana, kwa sababu madam alimwambia dada, "Usimwambie mwenzio unachopata, wewe nakupa zaidi yake." Siku moja wanamenya vitunguu kabla ya Idd, Mfilipino akajisahau akataja: 130. Na yeye akaeleza kwamba madam alimwambia vilevile, kwamba mwenzio anapata kidogo, usimuumize roho.

Hapo ndo ninapotaka tuongee. Ile siri ilikuwa inamlinda nani? Kila mmoja alidhani amependelewa, kila mmoja akafunga mdomo, na aliyekuwa anafaidi ni yule aliyewaomba wafunge.

Na msidhani ni nyumba moja yenye roho mbaya. Novemba 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti baada ya kuongea na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walisimulia mambo ya pasipoti kuchukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, na mshahara pungufu au kutolipwa kabisa. Mwishoni mwa 2019 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ubaguzi, Tendayi Achiume, alitembelea Qatar akaeleza kwamba nchi unayotoka ndiyo inayoamua utatendewaje, kama vile matabaka. Na Oman ilipoweka kima cha chini cha riali 325 mwaka 2013, kilikuwa cha raia wake tu. Sheria yao mpya ya kazi ya 2023 nayo imewaacha nje wafanyakazi wa ndani.

Mjomba alikuwa amekaa pale anasikiliza. Akasema, "Mshahara ni siri ya mtu. Hata mke wangu hajui alizeti nimeuza shilingi ngapi." Tukacheka. (Shangazi hakucheka.) Lakini mjomba, hela yako ukiamua kuificha ni hiari yako. Hapa anayeamuru ifichwe ni yule anayelipa. Tena serikali yetu yenyewe haifichi. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, mengi utaona ngazi ya mshahara imeandikwa, TGS D au nyingine. Kila mtu hapa Kolo anajua mwalimu anayeanza anapata kiasi gani, na bado walimu wanasalimiana vizuri tu. Ukienda kwenye matangazo ya kampuni binafsi ndo unakuta "mshahara mnono". Mnono kwa kipimo cha nani?

Siri ina ubaya mwingine, inazaa majungu. Wakati barabara hii ya lami inajengwa (ilizinduliwa 2018), vijiweni ilikuwa Mchina analipwa mamilioni kwa kazi ambayo hata sisi tungefanya. Labda kweli, labda uongo, hakuna aliyewahi kuona karatasi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, na uraia umo. Inamlinda Mtanzania na inamlinda mgeni, maana huyo Mchina naye kibali chake kimeombwa na mwajiri wake. Ila utathibitishaje umebaguliwa kama namba ya mwenzio huijui? Ni sawa na kuambiwa mtihani umesahihishwa kwa haki lakini matokeo hayabandikwi.

Kuna mtu atasema haiwezekani kwa wenye viza. Inawezekana. Marekani, kampuni inayoajiri mgeni kwa viza ya H-1B inatakiwa imlipe si chini ya inachowalipa wenzake wanaofanana naye kwa kazi hiyo, wala si chini ya kiwango cha soko la eneo lile, na itangaze kazini mshahara uliopangwa. Wanakiuka? Wapo. Lakini mfanyakazi ana pa kuangalia. Utasema hao ni mainjinia. Haya, Qatar, Machi 2021, walianza kima cha chini kimoja kwa mataifa yote, na wafanyakazi wa ndani wamo: riali zao 1,000 kwa mwezi, pamoja na 300 za chakula na 500 za malazi kama bosi hatoi. Kima hicho hakikumaliza matatizo ya huko, lakini binti akijua namba hiyo kabla ya kupanda ndege, hadanganyiki kirahisi.

Sasa hoja ngumu, aliyoitoa mama mdogo mwenyewe. "Hata hizo sabini, hapa nani atampa?" Hapo nilinyamaza. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 hapa kwetu iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada wa kazi anayelala kwa mwajiri, na 250,000 kama mwajiri ni mwanadiplomasia. Ufagio uleule! Kwa hiyo tusijifanye wema kuliko Waarabu. Na mimi sina kazi ya kumpa mdogo wangu. Sitaki kumzibia riziki. Nataka asipande ndege bila namba, basi. Nikasema mkataba urudi ukajazwe, tuupeleke na TaESA wauangalie, halafu aende kwa amani. Mama mdogo akakasirika, akasema nachelewesha mambo kwa sababu ya vitabu.

Ndipo dada mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote anachambua mlenda, akasema: "Mama, mimi nilikuwa napata sabini."

Wadau, kumbe mama mdogo hakuwa anajua. Miaka yote amekuwa akiwaambia watu 90, kwa sababu dada aliona aibu kusema. Ile siri ya madam alirudi nayo mpaka jikoni kwa mama yake. Mama mdogo akakaa kidogo, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akamwambia mdogo: "Kesho mpigie huyo wakala. Mwambie aandike."

Kesho tutampigia, nitawapa matokeo. Kwa sasa ombi langu ni dogo: kama una ndugu yuko nje au anajiandaa kwenda, muulize namba, na wewe mtajie yako. Naanza mimi. Likizo iliyopita nilifanya kibarua cha kuhesabu magunia ghalani, elfu 7 kwa siku.

Wewe je?