Picha ya Bega Lililopasuliwa Haisomwi Peke Yake

Mgonjwa anayetoka Pangani kwenda Muhimbili kupimwa bega kwa MRI hubeba nauli, fedha ya kipimo na, si ajabu, fomu yenye maneno matatu: "maumivu ya bega". Ikiwa bega hilo liliwahi kupasuliwa kwa sababu lilikuwa likichomoka mara kwa mara, maneno hayo hayatoshi. Kwa maoni yangu, ni afadhali safari iahirishwe hadi taarifa za upasuaji zipatikane.

Bega lililotengenezwa halifanani na bega la kawaida. Katika upasuaji unaobeba jina la Bankart, Mwingereza aliyelieleza jeraha hilo mwaka 1923, ukingo wa gegedu uliobanduka hurudishwa kwenye kikombe cha bega na kushikizwa kwa nanga ndogo. Ukingo huo ukipona huwa mnene, wenye kovu, na waweza kuonekana umechanika ilhali umeshika barabara. Katika njia ya Mfaransa Latarjet, ya mwaka 1954, kipande cha mfupa wa jirani huhamishiwa mbele ya kikombe na kukazwa kwa skrubu. Asiyejua hayo ataona uharibifu mahali palipo na tiba.

Kisha kuna chuma chenyewe. Huvuruga uga wa sumaku, na picha hutoka na doa jeusi palepale panapotafutwa. Chuma cha pua huvuruga zaidi kuliko titani. Mashine ya tesla 3 huzidisha doa kuliko ya 1.5. Mtaalamu wa radiolojia akiarifiwa mapema hubadili namna ya kupiga picha, hushauri dawa ya kung'arisha idungwe ndani ya kiungo, au husema wazi kwamba kuunga kwa mfupa kutazamwe kwa CT.

Mvuvi aliyeambiwa kimakosa kwamba bega limechanika upya huacha nyavu, na pengine hupasuliwa tena pasipo haja. Kwa hiyo ewe tabibu, andika aina ya upasuaji, mwaka, vifaa vilivyowekwa, na swali lenyewe: je, bega limechomoka tena, linauma tu, au limekakamaa? Kisha lipime kwa mikono yako kabla ya kuiamini ripoti.

Nawe uliyepasuliwa, omba muhtasari wa upasuaji kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Upige picha kwa simu, maana unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi. Chukua pia picha za zamani, na ukiulizwa mlangoni mwa mashine kama una chuma mwilini, taja bega.