Nani Alijenga Harlech?

Wanafunzi wenzangu, vitabu husema Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alijenga ngome ya Harlech, juu ya mwamba huko Wales, kuanzia 1283 hadi 1289. Mimi nakataa! Edward hakubeba hata jiwe moja. Mwaka wa 1286 watu karibu 950 walikuwa kazini pale: waashi, maseremala, wachimba mawe na vibarua. Fundi mkuu, James wa Saint George, tunamjua. Je, hao wengine?

Hata ile ngazi ndefu ya mawe ya kuteremkia baharini ni jasho lao. Watu wa Wales walipoizingira ngome mwaka wa 1294, chakula kililetwa kwa meli kikapandishwa hapo. Ngazi ndiyo iliyowaokoa askari, jamani, si taji! Mwalimu akiniuliza nani alijenga Harlech, nitaandika: vibarua. Aninyime alama akitaka.