Staa Anayeuza 'Kuongeza Kinga', Lupasi Iache Kwenye Tangazo Lako

Jina kapuni, lakini wadau wa Insta wanamjua. Wafuasi lukuki, kopo la unga wa kijani mkononi na maneno yale yale kila wiki: "Inaongeza kinga, inamaliza presha, sukari mpaka lupasi." Namba ya kuagizia iko chini, kwa wa Dar kuletewa ni bure.

Sasa hapo kwenye lupasi ndipo pameharibika. Mgonjwa wa lupasi hajapungukiwa kinga. Kinga anayo, tena imechachamaa. Shida ni kwamba imeacha kuwatambua wenyeji, inapiga viungo vya mwenye mwili: maungio, ngozi, damu, figo, wengine mpaka moyo na ubongo. Mtu huyo unamwambia aongeze kinga? Nyumba inaungua, wewe unakuja na dumu la petroli.

Mwili mzima una namna ya kuzuia balaa hilo. Zile seli T, askari wa damu, hulelewa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Humo hupigwa usaili mkali: inayong'ang'ania vitu vya mwili wenyewe, nyingi huuawa kabla hazijaingia kazini. Usaili una matundu (kama usaili mwingine wowote mjini), wakorofi kadhaa hupenya. Kwa hiyo kuna kundi lingine la kuwatuliza huko mtaani, seli T dhibiti. Mjapani Shimon Sakaguchi alizionyesha mwaka 1995 wakati wenzake wengi hawataki hata kusikia. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaikamata jeni ya Foxp3, ambayo ikiharibika watulizaji hao hukosekana na mwili hujigeuka. Wote watatu wakabeba Nobel ya tiba 2025. Miaka 30 hiyo, na hakuna kopo lililotajwa.

Kinachoilegeza amani hiyo si kimoja. Kuna kurithi, kuna homoni, jua kali, virusi fulani. Wanaoangukiwa na lupasi, karibu 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wakiwa kwenye umri wa kuzaa. Kwa takwimu za Marekani, wanawake weusi inawapata zaidi na inawapiga vibaya zaidi kuliko weupe. Yaani wateja wenyewe wa huyu dada.

Dawa za kweli zinaituliza kinga. Ipo haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini iliyokuwa ikiwawasha watu mwili mzima kabla Tanzania haijaiweka pembeni kwenye malaria mwaka 2001. Ipo prednisoloni, ambayo ukishaizoea muda mrefu halafu ukaikata ghafla, unaweza kuanguka na usiamke.

"Ah, ni mitishamba tu, haina madhara." Alfaalfa nayo ni majani tu, na wenye lupasi huonywa wasiiguse, maana kanavanini iliyomo inaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Kwenye kopo la mrembo hakujaandikwa ndani kuna nini.

Na nyie wa kwenye komenti msijifiche. Kuna mwigizaji, naye jina kapuni, alisema mwenyewe anaumwa lupasi. Uso ulipoumuka kwa prednisoloni, mkatoa majibu bila maabara: mimba, ngoma, frimasoni. Mwimbaji wa Marekani aliyewekewa figo ya rafiki yake mwaka 2017 kwa ugonjwa huo huo mlimwandikia "pole malkia", emoji za moyo kibao. Wa nyumbani akaambiwa kafulia. Mtu akishachekwa hivyo hospitali anaionea aibu, na anayemfungulia mlango ni nani? Muuza kopo.

Wiki iliyopita binti mmoja aliuliza chini ya tangazo, wazi kabisa, kama aache prednisoloni akianza unga. Akajibiwa: "Njoo inboksi mpenzi." Swali la ndiyo au hapana, tena la uhai, limegeuzwa oda.

Staa, uza poda, uza wigi, uza hata hayo majani kwa anayeyataka. Neno lupasi lifute leo, na huyo binti mjibu pale pale hadharani kwamba dawa asiache, arudi kwa daktari wake.

Povu ruksa.