Mswada wa Mtaalamu Usiachwe Kabatini

Katika miaka ya 1980 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa ukielekea kugeuka jangwa. Misitu ilikuwa imefyekwa, kwanza kwa kuangamiza mbung'o enzi za ukoloni, kisha kwa mashamba ya pamba na kuni. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mafanikio yake makubwa hayakutokana na miche iliyoletwa na wataalamu, bali na ngitili: desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi.

Habari hizo zimechunguzwa na kuandikwa sana, lakini sehemu kubwa kwa Kiingereza, katika ripoti na majarida. Mwalimu wa Kata ya Kambarage, mjini Shinyanga, anayefundisha watoto wa wafugaji wale wale waliowaeleza watafiti maana ya ngitili, akitaka kitabu cha kitaalamu cha Kiswahili juu ya jambo hilo atakitafuta sana.

Serikali imekwisha kutangaza zawadi ya Sh. milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha makala katika jarida la kimataifa la hadhi ya juu. Aidha, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, imewapatia waandishi wa riwaya na mashairi njia ya kupigiwa chapa miswada yao na kufikishwa shuleni. Hatua zote mbili ni za kupongezwa. Mswada wa kitaalamu, hata hivyo, umebaki katikati bila mlezi. Mchapishaji anaukwepa kwa sababu wanunuzi ni wachache, na mhadhiri mwenye madarasa yaliyofurika hana nafasi ya kuukamilisha. Mswada wa namna hiyo unahitaji likizo ya kuandika, wasomaji wa kuupima, mhariri, mchora ramani, na fedha za karatasi.

Kuchelewa kuna hasara yake. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata.

Mzigo huu ni wa vyuo vikuu kwanza. Bajeti ya utafiti isiishie kwenye posho za safari na ripoti. Itenge fungu la miswada, na ile ya Kiswahili itangulizwe. Halmashauri za Geita na Shinyanga nazo, ambazo tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 hukubaliana na wenye migodi juu ya mipango ya huduma kwa jamii, zaweza kuchangia. Madawati yana haki ya kutangulia, hilo halina ubishi, lakini gharama ya kitabu kimoja si kubwa mbele ya mapato ya dhahabu. Nakala za kwanza zipelekwe katika vijiji walikohojiwa wananchi, na katika shule zao.